Nilipofagia Njia ya Ndege

Jumatatu, 3 Februari
Nimekamua Mumbi. Amepiga ndoo teke, ana kiburi huyu ng'ombe. Nikipeleka maziwa nikakaona tena kale kandege ka madoadoa, pale njia inaingia msituni. Kifua kama ndizi iliyoiva. Kaliponiona kakajificha. Aibu kama ya binti yangu Njeri akiwa mdogo.

Jumatano, 5 Februari
Njeri amepata wageni wake wa kwanza! Wanatoka Nakuru Jumamosi, anawatembeza kuona ndege. Wanamtaka huyo wa madoadoa. Wakimwona huyo ndege, watamwita Njeri tena. Wasipomwona, anasema anarudi kuuza mboga Elburgon. Ni yeye anaenda lakini mimi ndiye nahesabu siku.

Ijumaa, 7 Februari
Mgeni hakanyagi takataka. Asubuhi nimefagia njia yote, mpaka ndani ya msitu. Majani magunia saba, ya kulalia Mumbi. Njia ikang'aa kama sakafu ya kanisa.

Njeri akaja, akashika kichwa. "Mathe! Umefagia sahani yake!"

Kumbe huyo ndege hula wadudu chini ya majani yaliyooza. Tumengoja saa nzima. Hakuna. Hata sauti hakuna. Njeri hajanigombeza, na hiyo ndiyo mbaya. Nimelia jikoni, nikasingizia moshi.

Jioni nimerudisha majani yote njiani kwa mgongo. Gunia moja nilikuwa nishamwagia Mumbi, nikalizoa na mavi yake. Jirani yangu Mama Kuria akapita akicheka. "Mama Njeri, siku hizi unapanda takataka?"

"Ndio. Na nitapalilia."

Mgongo umekwisha. Mungu nisaidie.

Jumamosi, 8 Februari
Wamepita saa kumi na mbili, watu watatu na Njeri mbele. Sijaweza kunywa chai. Nimeosha sufuria moja mara tatu.

Saa nne wakarudi. Yule mzee wao magoti yamejaa mavi ya Mumbi, anacheka kama mtoto. Nikajua.

Njeri anasema kale kandege kalikuja pale pale nilipomwaga lile gunia chafu, kakigeuza majani, kakila minyoo. Wageni wamelala chini wakikaangalia. Amenikumbatia mbele ya watu. Wanarudi mwezi ujao na wenzao.

Nimempa Mumbi chumvi.

Jumapili, 9 Februari
Njeri amechoka, nimemwacha alale. Nimefagia nje mpaka kwa geti. Hapo nikasimama. Kalikuwa kanaimba huko ndani ya msitu, polepole.

Fagio nimerudisha jikoni.