Jina Lako Liko kwa Nekesa

Nyambura, mwari wa maitu, mtoto wa mama yangu,

Tangu tukuzike, habari kubwa ni hii: Nekesa, yule mlikuwa mkishona naye nguo, amezaa msichana na amempa jina lako. Aki nimeona wivu mpaka chakula hakipiti.

Si unajua kwetu majina yana foleni. Binti yangu wa kwanza alichukua la mama mkwe. Huyu aliye tumboni, akiwa msichana, atachukua la maitu. Halafu kuna dada za mume wangu, ndio nifike kwako. Nizae wangapi, Nyambura? Nekesa ni mtu wa Bungoma, foleni yetu haimhusu. Alijifungua, akasema tu, "Huyu ni Nyambura." Sasa nikipita Kiandutu, mtaani kwa Nekesa, nasikia ukiitwa, nageuka, kumbe ni mtoto wa wenyewe.

Na si jina tu. Ni ule uvimbe. Kemo, zile dawa za dripu, ilikuwa imeisha, daktari ametuambia uboho wa mifupa ni safi, saratani ya damu imetoka. Tukaenda Kamakis kula nyama, ukaninyang'anya mbavu. Mimi ndiye nilikupeleka kliniki zote. Mimi ndiye nilikunyoa nywele. Halafu uvimbe ukatokea kwenye titi, na ukamwonyesha nani? Nekesa! Hapo kibandani kwenu Thika, nyuma ya pazia wateja wanapojaribia nguo. Mimi nilikuja kuambiwa daktari ameshasema ni ugonjwa ule ule umerudi, umekaa kwenye titi, na uboho ukipimwa bado uko safi. Nikauliza ugonjwa wa damu unatafuta nini kwenye titi. Aliyenijibu ni Nekesa, kwamba unaweza kujificha popote mwilini, maana yeye alikuwa ameshauliza.

Juzi nikaenda kumwona mzazi. Nilibeba njahi, yale maharagwe meusi ya mzazi, na uso nimeukunja. Sikungoja hata chai, nikamuuliza kwa nini yeye na si mimi. Akasema ulimwambia, "Wambui ataanza kulia kabla sijamaliza kufungua vifungo."

Ngai! Nilitaka kubisha. Nikaanza kulia hapo hapo. Nekesa akacheka, naye machozi yanamtoka, akaniwekea mtoto mikononi. Ana masikio makubwa, hakufikii kwa urembo. Lakini alinishika kidole akakataa kukiachilia.

Bado nina wivu, sitakudanganya. Ila huyu Nyambura atakua, atapata matiti. Nimeshamwambia Nekesa: siku mtoto akihisi kitu chochote mwilini, aanze kwa mama yake, sawa, lakini nami nionyeshwe siku hiyo hiyo. Nitavifungua vifungo mwenyewe, nitaangalia, nitampeleka hospitali nikimpigia hadithi njiani. Hilo nakuahidi.

Pumzika, mwari wa maitu. Siku hiyo nitalia nikishafika nyumbani.

Wambui wako