Uji Uliomwagwa Sehemu ya Kwanza

Mpendwa kaka mwandishi,

Ujumbe wako nimeusoma. Hukuuliza hali ya Mwaitu, mama yetu. Umeuliza kama dereva wako alikula vitu njiani, maana kiondo ulichomtumia mama kikiwa kimejaa kimekurudia kitupu. Usimfukuze mtoto wa watu kazi. Nitakujibu, lakini kwanza tuizungumzie hiyo tamthilia yako.

Sehemu ya kwanza tuliitazama hapa nyumbani Kangundo. Mwaitu alioga mapema, akavaa gauni la kanisani, akawaita majirani waje waone kazi ya mwanawe. Hata chai haijapoa, tukamwona mama wa kwenye tamthilia, leso ileile ya Mwaitu, kovu lilelile shavuni, akimrukia mgeni wa mumewe na sufuria ya uji. Akamwaga, akapiga nduru, akagaagaa chini. Kisha mwanawe wa kiume akasimama kifua mbele akamwambia baba, "Chagua, ni yeye ama ni sisi." Hapo ulijipenda sana, najua. Ulijiwekea hata muziki.

Mama Mutua, jirani yetu asiyejua kunyamaza, akauliza, "Sasa huyu akishamwaga uji yote leo, wiki ijayo atamwaga nini?"

Watu wakacheka. Mwaitu hakucheka. Swali hilo moja lina akili kuliko yote uliyoandika. Mhusika aliyemaliza hasira zake zote kabla hatujamjua hana tena pa kwenda. Wewe unaiita taharuki. Mimi naiita kelele.

Taharuki niliiona siku ile marehemu baba alipomleta mwanamke wa Ekalakala na kusema ni mgeni tu. Aliingia na kiondo kimejaa sukari, majani chai na mkate. Mwaitu alikipokea kwa mikono miwili, akatoa vitu, akashukuru, akakitundika kwenye msumari karibu na mlango. Akampakulia muthokoi, akamuuliza habari za mvua ya kwao. Sauti haikupanda hata kidogo. Lakini baba hakuwa anatazama chakula, alikuwa anatazama ule msumari. Kwetu kiondo cha mgeni hakirudi kitupu. Utatia mbaazi, utatia ndizi, hata yai moja, ili mgeni ajue njia bado iko wazi. Sasa huyu angetiliwa nini?

Jioni Mwaitu alikichukua akaingia nacho jikoni. Tukasikia kifuniko cha debe la mbaazi kikifunguliwa. Kimya. Kikafungwa. Akatoka, akampa mwanamke kiondo chake na kumwambia, "Usalimie watu wa kwenu." Yule alipokipokea mkono ulipanda juu, kwa jinsi kilivyokuwa chepesi. Akakikunja, akakitia kwapani, akaondoka. Baba alimsindikiza hadi barabarani akarudi peke yake, na mgeni huyo hatukumwona tena. Mwaitu akaosha sahani.

Wewe hukuyaona haya, shujaa wetu. Ulikuwa nyuma ya tangi la maji unakula mkate wa mgeni. Njaa ya mtoto siilaumu. Nakudharau kwa sababu ulikua, ukasoma, na hujawahi kumuuliza mama yako ilikuwaje. Uliona ni rahisi kumfanya kichaa ili wewe uonekane mwanamume.

Na kukudharau kunaniuma, maana ni wewe uliyenifundisha kusimulia tulipokuwa tukichunga mbuzi. Nilikuwa nikikimbilia mwisho, nawe ukinizuia. "Usiseme fisi ako wapi," ulikuwa ukiniambia. "Wacha waogope kwanza." Huyo kaka sijui alipotelea wapi.

Basi, juzi dereva wako alifika na kiondo cha duka la watalii, kimejaa unga, sukari na mafuta, na salamu zako kwamba sehemu ya pili unataka kuja kuipiga picha hapa, jikoni kwa Mwaitu. Mwaitu alikipokea kwa mikono miwili. Akatoa vitu, akashukuru, akakitundika kwenye ule msumari. Akampa dereva chai, akamuuliza habari za mvua ya huko Syokimau.

Wakati wa kuondoka ulipofika, akaenda jikoni na kiondo chako. Nilimfuata hadi mlangoni. Alifungua debe, akachota mbaazi kwa mkono, konzi nzima, akazishika muda mrefu. Nilidhani atakusamehe. Kisha akafungua vidole, zikarudi zote ndani ya debe, akafunika.

"Mwambie nimeshukuru," akamwambia dereva. "Asalimie watu wa kwao."

Dereva wako hakula kitu.

Ni mimi dada yako,
mtoto wa Mwaitu.