Katoni ya Dawa Aliyopewa Princesse

Katuba, Lubumbashi
Tarehe 9 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Paulin,

Pokea salamu za dada yako. Mgongo umepoa huko Liège, au bado unakusumbua kazini? Huku tuko wazima, ila baridi ya mwezi huu imenishika kifua kidogo.

Sasa nikueleze jambo linaloniuma. Siku ya kumaliza matanga ya mama, wajomba waligawa vitu vyake. Mimi mkubwa nikapewa vitenge. Mdogo wetu Princesse akapewa ile katoni ya dawa ulizokuwa ukimtumia mama: vijikaratasi vya kupimia sukari na insulini. Hakuna aliyeiona kuwa mali. Hata nilimwonea huruma.

Mwezi haujaisha, Princesse kaja misani na viatu vipya. Kumbe zile dawa anawauzia wagonjwa wa sukari wa mtaani. Vitenge vyangu vilivyochakaa nani atavinunua? Paulin, nilishindwa hata kuimba.

Kesho yake nikaenda kwa mwenye farmasi mmoja kumwuliza kama ni halali. Alinieleza taratibu: dawa haziuzwi nyumbani bila kibali, hata kama hazijafunguliwa. Na insulini iliyokaa kwenye frigo, na umeme wetu huu wa kukatika, nani ataiamini? Labda vile vijikaratasi, kama tarehe haijapita, avipeleke bure kituo cha afya wakavikague. Nilifurahi. Nakuambia ukweli, wagonjwa sikuwafikiria hata kidogo. Nilikwenda mbio kwa Princesse nikiwa bado na moto.

Nilitaka abishe. Akasema tu, "Yaya, dada yangu, kama loi, ile sheria, inakatala, minaacha. Ungeniambia tu muzuri."

Akawazungukia wote aliowauzia insulini, akaichukua na kuwarudishia pesa zao. Vijikaratasi vilivyobaki akavipeleka kituo cha afya. Jumapili padri akamshukuru mbele ya watu wote, na watu wakapiga makofi. Mimi niliyekwenda kuuliza sheria, hakuna aliyenitaja.

Lakini viatu na makofi si kitu. Miaka minne mama alimpa Princesse kidole kila asubuhi amchome kupima sukari. Nikijaribu mimi, alisema mkono wangu ni mzito. Na wewe ulimpigia Princesse kila siku kuuliza sukari ya mama imefika ngapi. Mama hayupo, hakuna tena cha kupima, na bado unampigia yeye. Nina wivu, mdogo wangu. Nimeona aibu kulisema, lakini ndivyo ilivyo.

Mume wangu Alexis anakusalimu, na mjomba Faustin pia. Princesse naye anakusalimu, ingawa najua umeshaongea naye wiki hii. Msalimie mkeo Brigitte na watoto. Mungu akulinde kazini, akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Nipigie na mimi, Paulin, hata kama huna la kuuliza.

Dada yako akupendaye hata akinuna,
Yaya Marceline