Barua Uliyonirudishia na Wino Mwekundu

Nyumba ileile, chumba cha mbele,
Jumamosi, tarehe 14 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nakupa kwanza, ingawa nimekukasirikia mpaka masikio yanawaka. Hujambo? Shemeji hajambo, na mapacha wako? Mgongo umepona, au bado unakaa kitini upandeupande kama mtu anayetaka kuaga? Sisi huku tunaendelea. Goti langu la kushoto linalalamika kila nikipanda ngazi kwenda chumba cha mashine juu ya paa. Ndiyo kazi yetu mafundi lifti, tukiitwa ujue lifti imekwama, kwa hiyo tunapanda kwa miguu.

Umeshaona naandika Kiswahili. Lile zoezi letu limekufa, na hii usithubutu kuitia wino. Najua tulikubaliana mimi nikuandikie habari za nyumbani kwa Kiingereza, wewe mwalimu unisahihishie na kunirudishia, ili nifaulu mtihani wa kampuni na kupewa usimamizi wa mafundi. Wazo lilikuwa langu, sikatai.

Lakini hiyo "have" yao imenitoa jasho. Mimi naweza kufungua mota ya lifti na kuifunga bila skrubu hata moja kubaki mezani. Nikipewa "have", "already" na kitendo, sijui nani akae mbele. "Just" inataka kukaa katikati, "yet" inakimbilia mwisho, na "to have" inajileta yenyewe bila kusema nani katenda. Sisi tunasema "ameshasahau", basi, kila kitu kimo humo humo na hakuna anayegombania kiti. Juzijuzi shemeji yako, mke wangu, alinikuta nabishana na daftari, akaniuliza kama limejibu.

Hayo ningeyavumilia. Kilichonikera ni barua yangu ya mwezi uliopita, iliyorudi Jumanne.

Ile barua niliiandika siku tatu. Nilikueleza kwamba mama anasahau, na siyo kusahau miwani kichwani kama zamani. Amebandika birika tupu jikoni mara mbili, mara ya pili likayeyuka mpini. Siku moja alitoka asubuhi kwenda kazini kwenye dobi ya hospitali, alikostaafu miaka kumi na tisa iliyopita. Tulimkuta lango la nyuma ameshika kitambulisho chake cha zamani, anamgombeza mlinzi kwamba mashuka ya wodi yanamsubiri. Nilikueleza pia kwamba daktari amesema kilichokwenda hakirudi. Nikamalizia kwa kukuuliza utakuja lini.

Bahasha niliifungua mlangoni, hata buti za kazi sijavua. Mshale mwekundu umeitoa "already" mwisho wa sentensi na kuipeleka katikati. Pale nilipokuambia, kwa taabu zangu zote, kwamba yaonekana mama amesahau jina la mjukuu anayelala naye chumba kimoja, umekata mstari mzima ukaandika juu yake "seems to have forgotten". Pembeni ukaweka, "Hivi ni bora zaidi!" Chini kabisa, kumi na nne kwa ishirini.

Nikageuza karatasi. Nyuma hakuna kitu. Nikaikung'uta bahasha, mtu mzima na mvi zangu, nikidhani labda kuna kikaratasi kimebaki ndani. Roho iliniuma, sikufichi. Chakula cha siku ile sikukigusa.

Dada yetu mkubwa anasema umejitia hamnazo, na kalamu yake hataishika kwa ajili yako. Shemeji yako anakutetea. Anasema mtu akitishika hushika anachokijua. Huenda ni kweli, maana nakukumbuka baba alipolazwa. Sisi tulikuwa tunalia, wewe ulikaa sakafuni ukipanga viatu vyote vya nyumba kwa ukubwa, na ukamaliza ukaanza upya. Kwa hiyo sitasema huna moyo. Ila kukuelewa hakujaniondolea hasira, na mama haponi kwa mimi kukuelewa.

Na mimi nina kosa langu, nalisema mwenyewe kabla hujalisema. Habari kama ile haikuwa ya kufanyia mazoezi. Nilitaka alama na nilitaka ndugu kwenye karatasi moja, nikapata alama.

Mtihani ni Jumatano ijayo. Nikifaulu nitakushukuru, nikianguka grisi bado ipo. Siyo hilo ninalokuandikia.

Nakuandikia kwa sababu ya juzi. Asubuhi mpaka kama saa nne mama huwa na nafuu, ndiyo saa zake za kujua watu. Nilikuwa sijaenda kazini, namkunjia taulo zake, kwa maana siku hizi anazikunja na kuzikunjua kutwa nzima. Akanitazama sana. Akaniita Kitinda, jina lako la utotoni ambalo hata dada hakuiti tena. Nilitaka kumsahihisha.

Nikaitika.

Furaha aliyoipata siwezi kukueleza kwa lugha yoyote. Alinipapasa uso akasema, "Umekonda, huko hawakupi chakula?" Akamwita shemeji yako kutoka jikoni, "Njoo, mwanangu amerudi!" Nilikaa pale kitandani nikiwa wewe mpaka saa tatu na nusu. Ananiuliza habari za wanafunzi wako, nami namjibu. Kisha akaniuliza, yule kaka yako mwenye lifti yuko wapi, mbona siku hizi haji kuniona?

Mdogo wangu, njoo. Njoo asubuhi, kabla ya saa nne. Ukae wewe mahali pako, na mimi nirudi pangu, nione kama bado atanijua.

Msalimie shemeji, na mapacha uwakumbatie kwa niaba yetu. Shemeji yako wa huku anakusalimu sana. Dada hakunituma salamu, lakini nakupa zake pia. Mungu akufungulie njia ya kuja na akufikishe salama.

Wako akupendaye, kwa hasira zote,
Kaka yako