Rula Iliyolika Ncha

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mpwa wangu,

Salamu nyingi zikufikie wewe, mumeo na binti yenu. Hamjambo huko? Baridi imepungua? Na yale maumivu ya mgongo uliyonieleza mwaka jana yamekuachia, au bado unainama kutwa nzima kupanga vitabu vya maktaba? Ukiandika, nijibu hayo kwanza, mengine yafuate.

Mimi sijambo, kwa kadiri ya mwanamke wa miaka sabini na tisa. Miguu imevimba, viatu vyote vimenikataa, natembelea kandambili za kaka yako. Daktari anasema moyo umechoka. Nilipomwuliza umebakiwa na muda gani, akaanza kuyasifia mapazia yangu. Nikamwelewa. Usilie, mwanangu. Nimeishi vizuri, nimecheka na watu, na usingizi ninaupata. Barua hii naiandika kidogo kidogo, kwa hiyo ukiona mwandiko unapanda na kushuka ujue ni siku mbalimbali.

Mama yako ni mzima. Huja kila siku baada ya chakula cha mchana, tunakaa dirishani tunabishana. Amenishonea gauni la kijani. Nikamwambia, wifi, mgonjwa kama mimi nitalivaa wapi? Akasema, "Livae hapo hapo kitandani, wanaokuja kukuonea huruma wakose la kusema."

Shule yetu imepakwa rangi. Darasa langu la sita sasa liko mikononi mwa yule mwanafunzi wangu tuliyemwita Maswali. Sasa yeye ndiye mwalimu, na anafundisha yale yale niliyofundisha mimi: hesabu, sayansi, na ubunifu na ufundi. Mwezi uliopita alinipitishia daraja la vijiti na gundi lililotengenezwa na watoto wake. Lilibeba matofali matatu juu ya meza yangu ya dawa. Nilifurahi siku nzima kama niliyeletewa mjukuu.

Sasa nije kwenye barua yako ya mwisho. Uliandika kwamba binti yako amepata alama mbaya za hesabu, na kwamba umemtuliza kwa kumwambia hesabu hamkujaliwa, hata wewe zilikukataa. Barua yenyewe niliisoma mara moja. Maneno hayo nayasoma kila siku. Si kweli, mwanangu, na mimi ndiye ninayejua kwamba si kweli.

Unalikumbuka lile shubaka la ukutani, nyuma ya darasa, tulilotaka kulitia rafu za vifaa vya sayansi? Niliwapa kazi ya kupima upana wake kwa rula yangu ya mbao ya mita moja, ile niliyokuwa nikigonga nayo sakafu kunyamazisha darasa. Wote walipata themanini na tano. Wewe peke yako ulipata themanini na nne, kwa sababu ulipima kwa tepu ya mama yako ya cherehani.

Nilikucheka mbele ya wenzako. Nikasema tepu ile ni ya kupimia viuno, haijui mbao. Nikakunyang'anya, nikaitia kwenye droo mpaka jioni, nikakupa rula yangu. "Haya, fundi, kata ubao wako kwa hiyo themanini na nne yako, tuone." Ukapima kwa rula, ukakata. Vijiti vilivyopigiliwa pande mbili za shubaka kushikilia rafu vilikuwa vyembamba kama penseli. Ubao ulikaa kidogo, ukaweka juu yake kopo la mbegu za maharage, na vyote vikaanguka. Maharage yalitapakaa mpaka mlangoni. Mbao za wenzako, zilizokatwa kwa themanini na tano, ziliingia zikatulia kimya. Kufikia mapumziko ulikuwa umeshapata jina: Themanini na Nne.

Wiki tatu baadaye fundi seremala alikuja kutengeneza mlango. Aliazima rula yangu, akailaza kando ya tepu yake ya chuma, akaanza kucheka. "Mwalimu, rula yako hii imeliwa na panya?" Haikuliwa na panya. Kwa miaka kumi na moja nilikuwa nikiigonga kwenye saruji kwa ncha ile ile, ya sifuri, mpaka sentimita nzima ikalika. Namba za mwanzo zilishafutika kwa chaki na jasho, wala sikuwahi kuziangalia.

Kwa hiyo shubaka lilikuwa themanini na nne, kama ulivyosema. Rula yangu ilizidisha sentimita moja wakati wa kupima, na ikapunguza ile ile wakati wa kukata, ndiyo maana mbao za wenzako zilitosha. Kosa lilijificha ndani ya kosa. Uliyeanguka ni wewe tu, kwa kuchukua namba ya kweli na kuikatia kwa rula ya uongo, tena niliyokushikisha mimi.

Nilijua yote hayo siku ile ile, fundi hajamaliza hata bawaba moja. Ningeweza kesho yake kusimama mbele ya darasa na kusema. Sikusema. Nilijiambia kwamba watu watadhani nakupendelea kwa kuwa u mtoto wa kaka yangu. Huo ulikuwa uongo wa pili. Ukweli ni kwamba mimi nilikuwa mwalimu mwenye cheti, mama yako aliacha shule darasa la nne, na sikuweza kuvumilia kusahihishwa na tepu yake. Nikanunua rula mpya. Ile ya zamani nikaisukuma nyuma ya kabati la nyumbani.

Baada ya hapo ukaacha kunyoosha mkono. Wewe uliyekuwa ukiniuliza kwa nini glasi hupasuka kwa chai ya moto, na kwa nini magurudumu si mraba! Ulipofika sekondari ukachagua masomo yasiyo na namba. Sisemi maisha yako yameharibika. Najua unavyoipenda maktaba yako, nami hujivunia kwa kila anayeingia hapa. Lakini mlango ule haukufungwa na akili yako. Niliufunga mimi.

Wiki iliyopita nilimwambia mama yako. Hata sindano hakuiweka chini. "Wifi, mimi nilijua tangu siku ile. Nguo nilizokata kwa tepu ile zilikuwa zinawatosha watu." Nikamwuliza, mbona hukumwambia mtoto? Akanitazama. "Nilimwambia. Angemwamini nani, mimi au mwalimu?" Kisha akanimiminia chai. Huyo ndiye mama yako.

Rula nikampa Maswali akaipeleke darasani. Hakuwaeleza watoto chochote ila kisa cha shubaka, akawapa rula na tepu. Wakagundua wenyewe katika robo saa. Kisha msichana mmoja akauliza: "Na yule mtoto aliyepata themanini na nne, aliombwa radhi?" Maswali, niliyemfundisha kutokwepa swali, hakulikwepa. Akaja kuniuliza mimi.

Ndiyo sababu ya barua hii. Nisamehe, mwanangu. Sikuombi unijibu haraka, wala sikuombi useme si kitu. Kilikuwa kitu. Ila nimekwisha kukitoa, na leo nimelala mchana bila dawa.

Kaka yako akija huko mwezi ujao atakuletea rula hiyo, imefungwa kwa kipande kilichobaki cha kitambaa cha gauni la kijani. Mama yako ameongeza tepu yake ile ile. Mpe binti yako vyote viwili, apime meza yenu ya chakula, na usimwambie lolote. Mwache akune kichwa. Akikujia na kukuambia kwamba rula ya bibi ni mbovu, mwambie ni kweli, na kwamba mama yake alikuwa wa kwanza kujua.

Nisalimie mumeo, mwambie kitabu alichonitumia nimekifikisha nusu na mwuaji nimeshamjua. Mama yako anakusalimu, kaka yako na mkewe pia, na Maswali na darasa zima la sita, ambao sasa wanalitaja lile jina lako kwa heshima.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akupe mgongo usiouma na mtoto asiyeogopa kubisha.

Ni mimi, nikupendaye bila kupungua hata sentimita,

Shangazi yako.