Koti Nililoliona Stendi

"Ulimwona mwenyewe, au uliona koti lake?"

Shoga, hivyo ndivyo Profesa alivyonibana uani sasa hivi, wapangaji wote wametoka milangoni! Yule jirani yetu anayesoma falsafa mwaka wa kwanza. Nikamwambia, "Mambo ya darasani yaache huko huko!"

Hakucheka. "Dada, kuamini si kujua. Umejuaje kuwa ni yeye?"

Unakumbuka nilivyomtangazia mke wa fundi wa kuchomelea kuwa nimemwona stendi mume wake aliyepotea? Basi kwa neno langu hilo, wiki ya pili hii amekataa kwenda mochwari kutambua maiti aliyoitiwa. Kila siku anampakulia mumewe chakula.

Nikaapa kuwa nimemwona. Nikaapa tena, si unanijua, mdomo hauna breki. Profesa akauliza, "Na uso?"

Shoga, uso.

Uso sikuuona. Niliona koti la bluu la karakana, kwa nyuma, na bega limeinama upande. Makoti yale wanavaa watu mia mbili! Mengine yote nilijazia mwenyewe, kwa kutaka niwe mimi wa kuleta habari njema.

Nikasema, "Sikuuona." Kumbe mke wa fundi naye alikuwa mlangoni kwake, amesikia yote.

Bora angenitukana. Nakuandikia nimesimama hapo mlangoni kwake, bado sijaingia. Aliniambia taratibu tu, "Kesho utanisindikiza mochwari kumtazama. Sasa ingia ule, sahani yake nimeshapakua."