Zamu Yetu ya Jumuiya

Jumamosi

Haya, zamu yetu ya sala ya jumuiya imepita. Mama, ambaye wiki nzima hajatoka kitandani, aliamka alfajiri kunihimiza nichome vitumbua vya kutosha. Wakaja wawili, mwenyekiti na mkewe. Wengine nadhani walituombea wakiwa wamelala.

Mwenyekiti hakutunyima mahubiri. Alitukemea sisi tuliohudhuria kwamba asiyekuja jumuiya asitegemee kuzikwa na Kanisa. Mama akaitikia, "Amina, baba."

Bi Mwanaidi, jirani yetu Mwislamu aliyetuazima viti, alikaa barazani mpaka tukamaliza rozari. Akaingia, akatazama viti vitupu.

"Wenzenu wamepatwa na nini?"

"Wana udhuru, bibi," nikamjibu.

Wageni walipoondoka, Mama akauliza polepole, "Hao ndio watakaonizika?" Nikamwambia asiwe na shaka, siku hiyo watajaa hadi barabarani, kutakuwa na pilau. Alicheka hadi akakohoa. Mimi kicheko kilinikatikia katikati.

Jioni nilimrudishia Bi Mwanaidi viti vyake. Hakuvipokea.

"Vikae huko huko kwenu, mwanangu," akasema. "Mama yako namwona alivyo."